Ruhusa Niliyomwombea Mgeni

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu Malindi, ile ya milimani kwa Washambaa, si ya pwani. Siku moja alifika mgeni kutoka Tanga na mashine ya kutafuta chuma na shaba, fimbo ndefu yenye sahani chini, ambayo ililia ikihisi kitu ardhini. Aliamini kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia vita, walifukia masanduku yao mashambani mwetu. Kishambaa hakukijua, akaniomba nimsindikize.

Shamba alilolitaka lilikuwa la jirani yetu, bibi mmoja mjane.

"Ya nini kuomba?" aliniuliza njiani. "Ardhi ni ya serikali, na barua ya ofisi ya kijiji ninayo."

Nikamwambia tutapiga hodi hata hivyo.

Bibi alikuwa barazani akipukuchua maharage. Nilimwamkia, nikamweleza. Aliitazama ile mashine kwa muda, kisha akanijibu kwa Kishambaa: "Tafuteni mnapotaka. Ila nyuma ya nyumba, pale kwenye migomba, msiguse. Ndipo nilipomlaza binti yangu."

Nilimtafsiria mgeni neno kwa neno, akaitikia kwa kichwa. Nikampa bibi ahadi yangu, nikarudi shuleni kwa sababu nilikuwa na kipindi cha hesabu. Laiti nisingaliondoka.

Niliporudi saa tisa, nilimkuta mgeni amepiga magoti migombani, mikono imejaa udongo. Alikuwa ameshika bangili ya shaba, ndogo, ya kumtosha mtoto wa miaka mitatu.

"Mashine ililia," alisema bila kunitazama. "Nilidhani anaficha kitu."

Bibi alikuwa amesimama pembeni ya nyumba.

"Huyu sikumpa ruhusa," aliniambia. "Nilikupa wewe, mwanangu."

Nilimnyang'anya mgeni ile bangili, nikairudisha shimoni na kufukia kwa mikono yangu, machozi yakinitoka. Nilipoinuka, mgeni alikuwa ameshabeba mashine yake na kuondoka.

Bibi aliishi miaka sita zaidi. Kila Jumapili tulikutana nje ya kanisa. Zamani alikuwa akinishika mkono, akiniuliza habari za mke wangu, za watoto, hata za ng'ombe wetu mmoja, mpaka nachelewa ibada. Sasa nilimwamkia, naye akaitika marahaba, akapita.