Bahari Isiyoruhusiwa Kuvuka Ishirini na Sita

Kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, mpimaji alishuka ngazi za gati, akateremsha ndoo kwa kamba, akavuta maji ya bahari na kuyatia kipimajoto. Kazi rahisi, utasema. Rahisi kweli, kama bahari ingekuwa na adabu. Fomu ya ofisi ya hali ya hewa ilikuwa na visanduku vya nyuzi ishirini hadi ishirini na sita, na aliyeichapa, Mungu amsamehe, hakuona haja ya kuongeza kingine. Bahari ilikuwa imeshapewa mipaka yake.

Miaka sita iliyopita ikaanza ukaidi. Ikafika ishirini na saba, mara ishirini na nane. Siku ya kwanza mpimaji aliiandika namba pembeni mwa fomu kwa wino mwekundu. Mkuu wa kituo, mtu nadhifu aliyeijua bahari kwa kuichungulia dirishani, akamwita.

"Mama, usitie chumvi. Ndoo yako ilikaa juani."

"Imetoka majini sasa hivi, mkuu."

"Basi kipimajoto kimezeeka. Makao makuu wakiona namba nje ya kisanduku wanarudisha fomu, na mimi ndiye ninayeandika maelezo kurasa tatu. Weka ishirini na sita, tia sahihi, tuendelee na maisha."

Akaweka. Siku hiyo aliandika, akafuta, akaandika tena. Mara ya mia hakupepesa hata jicho. Ofisini jambo hilo waliliita kunyoosha, na wakati wa chai walitaniana nani kanyoosha nini. Wala hakuna aliyehongwa, maskini. Walichotaka ni kuepushwa usumbufu tu. Mwaka huo huo kituo kikatunukiwa cheti kwa takwimu zisizo na dosari.

Sasa tufani, kwa asiyejua, chakula chake ni joto la maji. Bahari ikipita kama nyuzi ishirini na sita na nusu, mvuke mwingi unapanda, unageuka mawingu, unaachia joto lake huko juu, na tufani inazidi kunenepa. Ikikuta maji ya baridi inakosa chakula na kudhoofu. Upepo mkali wa juu nao unaweza kuivuruga. Asubuhi moja mwaka huu upepo wa juu ulikuwa umelala fofofo, na ndoo ilisema ishirini na tisa na nusu. Mtabiri, aliyekuwa na fomu safi ya ishirini na sita mezani, alitangaza redioni kwamba tufani iliyoonekana mbali itadhoofika kabla ya kufika, wananchi wasiwe na hofu.

Mpimaji alimkimbilia mkuu. Mkuu akamwambia asilete taharuki kazini. Akatoka mbio hadi kwa mdogo wake, mjane aliyeishi na mama yao mzazi katika nyumba ya bondeni, hatua themanini kutoka majini.

"Fungasha. Mchukue mama, twendeni shule ya mlimani."

Mdogo wake alikuwa anakunja nguo, wala hakuacha. "Dada, redio imesema inadhoofika. Maji ni ishirini na sita. Si vipimo vyako hivyo? Majirani wakiniuliza nawaambia anayepima ni dada yangu, na yeye hakosei."

Hapo angeweza kusingizia ndoto, au goti linalouma kila mvua ikikaribia. Alitamani sana. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ni uongo," alisema. "Maji yamefika ishirini na tisa na nusu. Miaka sita mimi, dada yako, naandika uongo na kuutia sahihi."

Mdogo wake aliacha kukunja. Kisha akafungasha, akapita nyumba kwa nyumba kuwaonya majirani. Wengine walitoka. Wengine walimcheka wakamwuliza atawezaje kubishana na namba za dada yake mwenyewe.

Tufani ilitua alasiri, imeshiba. Nyumba ile ilibaki msingi na kizingiti. Jioni, darasani kwenye shule ya mlimani, mama yao akiwa amelazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, mdogo mtu alisogea karibu na dada yake.

"Ule mwaka redio iliposema hivi hivi," aliuliza, "mume wangu akaenda lindo lake la ghala bandarini, asirudi. Maji yalikuwa ngapi?"

Mpimaji hakuhitaji kufikiri.

"Ishirini na nane."

"Na wewe ukaandika ngapi?"

Mdogo wake alivuta shuka akamfunika mama yao hadi mabegani.

"Bibi mpimaji," alisema, kwa heshima yote anayopewa mtu wa ofisini, "tunaomba utupishe hapa. Mama anataka hewa."