Mwalimu Aliniomba Ninyamaze, Nikawasha Kipaza Sauti

Admin, jina langu liache, na huyu nitakayemtaja tumwite Mwalimu tu. Salaam kwenu wasomaji wote. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Madimba, nina mke na watoto watatu, na wiki hii sikai nikakalika. Mke wangu anauliza kama nina homa. Sina homa. Kuna mgeni anakuja Ijumaa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa natafsiri filamu kwenye banda la video pale Magomeni, Mtwara mjini. Wa rika langu wanaikumbuka kazi ile: picha inacheza kwa Kiingereza, wewe umekaa pembeni na kipaza sauti, unawasemea wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake, hata mbwa. Nilikuwa na jina, nisiwafiche. Ila Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Aliyenibeba ni Mwalimu, kijana wa Bukoba aliyekuwa anafundisha sekondari na amepanga chumba Likombe. Jumamosi asubuhi tunautazama mkanda kwake, ananieleza kila kitu, na Jumapili baada ya swala ya alasiri mimi naenda kutamba.

Siku moja mkanda aliuleta mwenyewe. Ilikuwa filamu ya mashaka, ile inayokutisha bila jini wala bunduki. Mpiga kinanda maarufu amevunjika mkono, anaajiriwa muuguzi wa kiume amtunze. Nyumba kubwa, mapazia mekundu, na kila siku inayopita kuna taa moja haiwaki tena. Muuguzi anamlisha, anamfunga vifungo vya shati. Mkono hauponi. Taratibu unaanza kushuku kwamba muuguzi ndiye hataki upone, maana ukipona yeye ataondoka. Hakuna anayekwambia hivyo, unayaona kwenye nyuso zao tu.

Halafu kuna kipande cha kunyoa. Dakika sita hakuna neno. Muuguzi ameshika wembe, mwenzake ameinua shingo, unasikia wembe ukipita kwenye ndevu basi. Yule mwigizaji, wallahi, sijaona mtu anayeigiza kwa vidole namna ile. Hujui atamchinja au atamshika shavu. Na huyu mwingine amefumba macho, anajua, na hasogei.

Mwalimu akarudisha nyuma, tukatazama tena. "Umeona?" akasema. "Anampenda, na hana pa kuyaweka mapenzi yake."

"Mwalimu, hayo nitayasemaje Magomeni?"

"Usiyaseme. Hapo zima kipaza sauti, waache waone wenyewe. Niahidi, kaka."

Nikamwahidi. Tulikuwa tumekaa mkekani, bega lake limegusa bega langu, na mimi sikusogea. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote hadi leo.

Jumapili banda likajaa. Mwalimu akakaa benchi la nyuma kabisa. Mimi tangu mwanzo nilishaichakachua ile hadithi: muuguzi nikamfanya mdogo wake mpiga kinanda wa baba mmoja, amekuja kulipiza kisasi cha mama yake. Watu wakaipenda sana. Kikafika kipande cha kunyoa, nikazima kama nilivyoahidi.

Sasa ndugu zangu, banda la video halijui kimya. Kimya maana yake mtafsiri ameshindwa kazi. Wakaanza: "Dijei kalala!" "Sauti wewe!" Nikavumilia. Kisha mzee mmoja wa mbele, muuza samaki, akasema kwa sauti kubwa, "Mbona wanatazamana hivi hawa? Huyu ntu anataka nini kwa nwenzake?" Kicheko kikapasuka, na watu wakageuka kunitazama mimi.

Nikawasha. "Muulizeni Mwalimu huyo nyuma," nikasema, "ndiye aliyenifundisha!"

Banda zima likageuka kwake. Mimi nikaendelea kumwaga maneno, mara nitakuchinja, mara damu ya mama yangu, mpaka wembe ukawekwa chini. Nilipotazama nyuma, pale alipokuwa amekaa palikuwa wazi.

Tangu siku ile wakamwita Muuguzi. Jina likafika shuleni, akaanza kulikuta limeandikwa ubaoni kila asubuhi. Haikuchukua muda akaomba uhamisho. Siku ya kuondoka alipita bandani nikiwa natengeneza nyaya, akaniwekea ule mkanda mezani. "Kaa nao," akasema. "Mimi nimeshauona." Hakunilaumu. Heri angenitukana.

Watu walidhani nilitania. Sikutania. Swali la yule mzee lilinichoma mimi, na nilimtupa mwenzangu mbele yao ili wasiendelee kunitazama. Nimekuwa na miaka yote hii ya kulisema hilo, sijalisema. Mkanda nimeufunga kwenye kitambaa, nimehama nao nyumba tatu, na mke wangu anaamini una picha za harusi ya kaka yangu.

Juzi namba ngeni ikanipigia. Nilimjua kabla hajajitaja. Anakuja Mtwara kwenye semina ya walimu, namba yangu kapewa na mwanafunzi wake wa zamani.

"Ule mkanda bado unao?"

"Ninao, Mwalimu."

"Basi tutautazama. Safari hii usitafsiri." Akacheka. Sijui kicheko kile kilikuwa cha namna gani, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Wasomaji, najua wapo watakaonitukana, tukaneni tu. Ila mwenye busara anisaidie. Deki ya kuchezea mkanda nimeshaiazima kwa fundi, inafanya kazi. Mke wangu atakuwa kwa mama yake Ijumaa mchana, tutakuwa wawili, sebuleni, kwenye mkeka. Kipande cha kunyoa kikifika, dakika zile sita, nifanye nini jamani? Ninyamaze kama alivyoniomba, au kwa mara ya kwanza niseme yale yaliyomo?