Kibao cha Mfinyanzi Aliye Hai

Fundi cherehani wa mlango wa tatu anaapa kwamba alimwamkia bibi kizee, na bibi akaitikia. Kuamkiana si ajabu. Ajabu ni mahali.

Anasema alikwenda kupima mapazia kwenye lile jengo kubwa la ofisi, mchana kweupe, watu wanapishana na makaratasi yao. Akapita kwenye mlango wa chumba cha mikutano cha mwisho. Ulikuwa umeachwa wazi kidogo, akachungulia. Kwenye kiti cha mwenyekiti alikuwa ameketi bibi wa jirani yake, mtandio begani, viganja juu ya meza, kama mtu anayesubiri wenzake wafike kikao kianze.

"Nikamwambia shikamoo bibi, umefikaje huku na miguu hiyo? Akasema marahaba, karibu. Nikainama kuokota futi yangu. Kuinuka, kiti kitupu!"

Fundi huyu ana sifa ya kutia chumvi. Mtaani wanasema akikushonea gauni, hadithi zake huwa ndefu kuliko pindo. Lakini siku hiyo alirudi mbio hadi kwa jirani, akamkuta bibi yule yule kitandani, pale alipo tangu miguu ilipomkatalia. Mapazia hajayapeleka mpaka leo.

Mjukuu wa bibi alipohadithiwa, hakucheka. Yeye ndiye anayesafisha chumba hicho.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mjukuu anaingia ukumbini na ndoo mbili, dekio na rundo la matambara. Ofisini wanamwita Dada Dasta. Ana miaka ishirini na sita, alisoma shule ya msingi tu, na huu ni mwaka wake wa sita kuhudumia vyumba vitano vya mikutano: kudeki, kufuta meza, kupanga vikombe arobaini na kukumbuka nani hatumii sukari. Mshahara, anasema, "unafika umechoka na kuondoka mapema."

Zamani vyumba vilikuwa na namba. Mwanzoni mwa mwaka huu bodi iliamua kuvipa majina ya mafundi waliotangulia, ili kuenzi urithi: Mchonga Vinyago, Mpiga Zeze, Msusi wa Mikeka, Mhunzi, Mfinyanzi. Kila mlango uliwekewa kibao cha shaba. Juu kuna sifa ya mhusika, chini kushoto mwaka aliozaliwa, chini kulia mwaka aliokufa.

"Mfinyanzi yuko wazi saa nne?" mtu anauliza pale mapokezi.

"Mfinyanzi amejaa mpaka saa nane. Chukua Mhunzi, ila Mhunzi ana joto."

Wenyewe wamezoea. Dada Dasta hajazoea. Mfinyanzi ni bibi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na bibi yu hai. Anakunywa uji, anabishana na redio.

Mwaka uliochongwa kulia ni mwaka huu.

Ilikuwaje? Karani wa bodi anaeleza bila kuficha, huku akikuna shingo. Mtungi walionunua kwa ajili ya chumba hicho ulikuwa na alama ya vidole vitatu chini ya shingo, na aliyeuuza aliwatajia mfinyanzi na mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa kuwa hakuna aliyeona kazi mpya ya mama huyo kwa miaka kumi na moja, waliamini ameshafariki. Kumbe ni vidole tu vilivyokakamaa.

"Sasa mchonga vibao akasema vyote vifanane, miaka miwili kila kimoja," anasema karani. "Ningeacha pengo, kibao kionekane kibogoyo? Nikajaza mwaka wa ufunguzi."

Mtungi wenyewe umewekwa pembeni mwa chumba, ndani ya kabati la kioo. Ufunguo unakaa na bodi. Hakuna aliyewahi kuutia maji. Hata hivyo kila asubuhi Dada Dasta anaukuta umetoka jasho, kama mtungi uliojazwa usiku kucha, na chini yake pana duara la unyevu. Anasimama na tambara mkononi, nje ya kioo, hana la kufuta.

"Ni mvuke wa kiyoyozi," anasema msimamizi wa jengo.

Kiyoyozi cha Mfinyanzi ni kibovu tangu ufunguzi.

Nyumbani, bibi amekuwa na kiu. Anamaliza jagi zima na midomo inabaki imepasuka kama udongo uliosahaulika juani. Na jioni anasimulia.

"Leo walikuwa wengi," alisema mara ya kwanza, mjukuu akimbadilishia shuka. "Yule mwanamke wa viatu vyekundu amelia. Wanamhamisha."

Mjukuu alidhani ni uzee. Lakini mchana huo alikuwa amepeleka chai Mfinyanzi, na mwanamke wa viatu vyekundu alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Hakumwambia mtu yeyote.

"Bibi, nani kakuhadithia?"

"Nihadithiwe kwani mimi kiziwi? Nilikuwepo. Chai yako, mke mwenzangu, siku hizi nyepesi. Unawanywesha watu maji ya kuoshea vikombe!"

Walicheka wote wawili. Kisha bibi akalala, na mjukuu akakaa kumsikiliza akipumua mpaka kulipokucha.

Dada Dasta ameiandikia bodi barua tatu kwa mkono wake, kwa herufi kubwa ili zisomeke. Haombi fidia wala heshima. Anaomba mwaka mmoja ufutwe kabla haujaisha. Ya tatu ilifika kwenye kikao cha bodi, na bodi huketi Mfinyanzi. Dada Dasta akamimina chai, akaambiwa atoke, akafunga mlango.

Jioni bibi alikuwa anamngoja.

"Wamekusogeza mbele. Yule mwenye kikohozi kasema ukibadilisha kibao kimoja itabidi ubadilishe vyote. Wakaagiza maandazi."

Asubuhi karani alimwita pembeni. "Dada, ajenda yako imeahirishwa. Tatizo vibao vinafanana, tukigusa kimoja..."

"Najua," alisema Dada Dasta. "Na kikohozi chake hakijapona."

Karani alikusanya makaratasi yake akaondoka. Siku hizi anapita mlango wa nyuma.

Kwa nini asiache kazi? Ameulizwa hilo na fundi cherehani, na shangazi yake pia. "Nikiondoka, mle ndani atabaki na nani?" anajibu. Na kung'oa kibao? Alijaribu kwa kisu cha jikoni. Kimepigwa riveti, misumari isiyofunguka, na msimamizi alimwonya kwamba akionekana tena amekigusa kwa kitu kisicho tambara, hana kazi.

Basi anatumia tambara. Vibao vinne anavipitishia mkono mara moja. Cha tano anakisugua mara arobaini, upande wa kulia tu, kwa majivu na limau, akibana kidole juu ya tarakimu zile nne. Haba na haba, anasema. Shaba ni laini, na zimebaki wiki sita mwaka ukatike. Mpango wake ndio huo: usipofutwa kwa barua, ufutike kwa jasho.

Asubuhi hii anamaliza ya arobaini na kurudi nyuma hatua moja atazame. Mwaka wa kulia unang'aa, mkali kama umechongwa jana. Uliofifia ni wa kushoto, ambao hajaugusa. Mwaka wa kuzaliwa umebaki kivuli, na tarakimu ya mwisho haisomeki tena.

Anaokota ndoo. Saa mbili kuna kikao.

Jioni, jua bado liko dirishani, anampa bibi maji kidogo kidogo kwa kijiko. Mikono ya bibi iko juu ya shuka, viganja chini, imetulia kama juu ya meza. Chini ya kucha zake kuna udongo mbichi.

"Mke mwenzangu."

"Abee, bibi."

"Kesho ukimaliza kufuta, usiufunge ule mlango wangu."

Kijiko kinasimama hewani. Mjukuu anataka kuuliza kama mlango huo ni wa bibi kutokea au wa kuingilia. Bibi anamtazama, anangoja, midomo mikavu.

"Umenisikia? Uniachie wazi."

Maji yanadondoka kutoka kwenye kijiko, tone moja, kisha jingine, juu ya shuka.