Mashine Nyuma ya Kochi Letu

Landlodi wetu hapa Komarock hana haya. Saluni iliyopakana na nyumba yetu aliigeuza kliniki ya eksirei kwa kupaka rangi nyeupe na kubandika kibao, basi. Ukuta ukabaki uleule mwembamba uliokuwa ukitupitishia umbea wote wa saluni. Upande wetu, kochi liliegemea hapohapo. Mke wangu, mja mzito wa miezi saba, alishinda juu yake akifuma, kwa kuwa mama yangu, aliyekuja kutoka Kakamega kumwangalia, alishaamua kwamba hapo ndipo mgongo unapopumzika.

Asubuhi moja akabisha hodi afisa wa serikali, kifaa mkononi mfano wa redio ndogo. Akasema anakagua mionzi ya jirani zetu.

"Hao hawana mionzi, mwanangu," mama akamjibu. "Hao wanapiga tu picha. Hata mimi walinipiga ya goti, sikusikia kitu. Keti hapo kwa kochi nikuletee chai."

Nilitaka kucheka. Mtaani kwetu mtu huenda "kupigwa picha" akarudi na bahasha kubwa ya kahawia, na nani anaogopa picha? Afisa hakucheka, wala hakuketi. Alimwomba mke wangu ahamie jikoni, akampigia simu mwenzake aliyekuwa ndani ya kliniki, kisha akashika kile kifaa pale pale mke wangu alipokuwa ameegemea.

"Sawa, piga moja," akasema kwenye simu.

Kifaa kikalia. Kilio chenyewe kilikuwa kidogo, kama cha simu inayoishiwa na chaji, lakini kilitosha kunieleza kwamba mionzi ilikuwa imeupenya ukuta. Nilimuuliza kama sheria haidai ukuta wa maana. Akasema inadai, tena kabla mashine haijawashwa, na kwamba hawa hawakuwahi hata kuomba kibali. Nikamtukana landlodi kwa maneno ambayo mama hajawahi kuyasikia kinywani mwangu. Hakunikemea. Alikuwa tayari akilivuta kochi kutoka ukutani.

Mke wangu alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono yote miwili tumboni.

"Na huyu je, amefanywa nini?"

Afisa alizima kifaa.

"Dada, nenda kliniki yako ya wajawazito umweleze daktari kila kitu," akasema polepole. "Mimi kazi yangu ni kupima kuta."