Darubini ya Shule ya Kata

Kwa miaka kumi na sita Madam Sekela alifundisha jiografia katika shule moja ya kata huko Chamazi, na aliyedai mbele yake kwamba roketi ni hela za kutupa alijuta. "Nyie mnadhani utabiri wa mvua unaokotwa barabarani?" alikuwa akimuuliza, kisha anamshushia somo la setilaiti mpaka mtu aombe kwenda zake.

Lakini shule ilikuwa na wasichana mia nne na matundu mawili ya choo, moja limetitia. Msichana akiwa kwenye siku zake, hakuja. Hayat wa kidato cha tatu, aliyemtoa jasho Sekela kwa maswali, alikosa karibu wiki nzima kila mwezi, na mama yake alishasema akifeli anamtoa.

Ndipo shirika moja la nje likatangaza msaada kwa shule zinazofundisha mambo ya anga. Sekela akaona upenyo. Katika barua ya maombi akachomeka: "Wanafunzi wetu hawana choo, lakini macho yao yako kwenye nyota." Aliamini mwenye akili timamu akifika hapo atajenga choo kwanza. Wapi! Wakaleta darubini, na ile sentensi wakaichapa kwenye bango. Nusu ya pili tu.

Siku ya makabidhiano mkuu wa shule aliipitia risala aliyoiandika Sekela, akakata aya nzima ya vyoo.

"Madam, mgeni rasmi hapewi kero siku ya sherehe. Tutaonekana hatuna shukrani."

Sekela alichukia. Akaisoma hivyo hivyo ilivyokatwa, kwa sauti nzuri, na watu wakapiga makofi. Darubini ikafungiwa ofisini. Shule inafungwa saa tisa alasiri, na nyota hazijui ratiba hiyo.

Wageni walipoondoka, mama yake Hayat, mwenye duka la nafaka, alimfuata.

"Hongera kwa risala, Madam. Hayat haji tena. Kafeli, na mie nimechoka kumwona mtoto nusu shule, nusu nyumbani. Atanisaidia dukani. Hizo nyota ataziona palepale kwetu, hazina kiingilio."

Kwa kila aliyemuuliza anga lina faida gani Sekela alikuwa na jibu. Huyu mama hakuuliza hata hilo. Aliaga, akajitanda mtandio, akaenda zake kufungua duka.