Sangari kwenye Migomba ya Bibi

Juzi nilikuwa napalilia kibustani changu hapa Biharamulo, jembe likanasa mzizi mweupe wa sangari, wenye pingili, ncha yake kali kama sindano. Nikacheka peke yangu. Nilikumbuka kwetu Murusagamba, miaka ile ya wakimbizi wa Burundi, nilipompandia bibi magugu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndiyo, rafiki yangu, nilipanda. Sangari ilikuwa imeingia kwenye migomba ya bibi, majani yamegeuka ya njano na mikungu imekuwa midogo ya kutia huruma. Baba mdogo alikwisha kusema kwamba kiangazi kikifika anafyeka migomba yote apande mihogo. Bibi akamwomba msimu mmoja tu. Basi nikajitia ujuzi. Nikang'oa sangari kutwa nzima, kisha nikaitandaza chini ya migomba, maana kwetu nyasi zote hutandazwa humo. Mvua mbili tu, shamba zima likawa kijani kwa sangari. Nililia sana.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa kambini, aliyekuwa akija kutulimia ili apate ndizi za watoto wake. Kirundi chake na Kihangaza chetu vilielewana bila taabu. Aliokota pingili moja iliyochipua, akanionyesha.

"Hukuyang'oa haya, mwanangu. Umeyapanda."

Hakunicheka. Alinikalisha mbele ya rundo la majani akanifundisha kuchambua. Yenye mizizi ya nyuzinyuzi yalirudi chini ya migomba. Yenye pingili nyeupe yalianikwa juu ya mwamba mpaka yavunjike kwa mlio, ndipo tukayachoma. Wiki nzima tulifukua, tukifuata kila mzizi ulikokwenda, na mchana tukila maharage ya moto kwenye jani la mgomba. Mwishowe niliweza kuitambua sangari kwa kuigusa tu, macho nimefumba.

Mvua zilizofuata, haikuchipua. Migomba ikanenepa. Mkungu wa kwanza aliubeba baba mdogo mwenyewe hadi jikoni kwa bibi. Bibi akamkalisha yule mama kwenye kiti cha wageni, akampakulia kabla ya wanaume wote. Siku hiyo kichwa kilinivimba kwa furaha, na sioni haya kusema.

Kambi ile sasa ni pori, wenyewe walisharudi kwao. Migomba ya bibi bado inazaa. Nilijua jina la kila jani lililoota shambani mle. Jina la yule mama sikuwahi kumwuliza.