Siku Dege Lilipopita Kwetu

Dada yangu aliingia uani anapiga kelele. Amembeba mwanawe wa miaka miwili, macho yamepinda juu, mikono inapigapiga kama kuku aliyetoka kuchinjwa. Mimi pale Magomeni wananijua kwa mdomo, lakini siku hiyo nilichoweza ni kumwita bibi.

Bibi hakulitaja jina la ugonjwa. Kwetu mtoto akiwa hivyo unasema tu "amepitiwa". Akamfunika kaniki, ile nguo nyeusi, ndege asimwone tena. Ndiyo asili ya neno degedege, alivyofundishwa yeye: dege ni ndege mkubwa, kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto anaanza kupiga mabawa asiyokuwa nayo. Akatoa kopo la mavi ya tembo, shemeji alituletea kutoka Mikumi, ayachome mtoto avute moshi.

"Bibi, twende hospitali."

"Wakamchome sindano afe? Aliyepitiwa hachomwi sindano!"

Dada analia tu, anasubiri neno la bibi. Midomo ya mtoto inabadilika rangi.

Sasa bibi yangu, tangu najifunza kutembea, ananiita mume wake. Ananisema mbele za watu eti simlishi. Nikawasha pikipiki yangu, nikakunja uso.

"Mke wangu, kila siku unataka matunzo. Leo mumeo nimesema, panda!"

Akaduwaa. "Huna adabu wewe mtoto." Akapanda. Dada nyuma yake, mtoto katikati yao, tukaenda mshikaki hivyohivyo mpaka hospitali.

"Shikamoo bibi," nesi akasema, huku anamvua mtoto nguo na kumpangusa kwa maji.

"Marahaba. Usimchome."

"Bibi, aliyeliita degedege aliona vizuri hiyo mikono. Ila hii ni malaria imempanda kichwani, bila sindano tunampoteza. Mshike mkono wewe mwenyewe."

Bibi akaushika, amefumba macho. Sindano ikaingia.

Mikono ikatulia, mtoto akalala. Bibi hakubanduka, anamwangalia kifua tu kama kinapanda. Nikakaa chini karibu na miguu yake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mtoto alipofumbua macho. Akamwona nesi, akaangua kilio mpaka wodi nzima ikageuka. Dada akanyanyuka kumbembeleza.

"Mwache," bibi akasema, machozi yanamtiririka. "Mwache alie, nimsikie."